Mstari Juu ya Mguu wa Wandera

Wandera alipoinama kushika pindo la suruali yake mbele ya waombolezaji, nilijua atasema nini kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya jeneza la mke wake, pale kwao nje kidogo ya Busia, mzee wa fimbo na kofia ya sufu. Akapandisha suruali kwa taabu hadi karibu na goti. "Tazameni," alisema. "Mguu huu walitaka kuukata nikiwa kijana. Nimeutembelea mpaka leo. Hii ni kazi ya mkono wa Athieno." Watu wakanyoosha shingo. Juu ya muundi kulikuwa na lile baka ninalolijua kuliko ninavyovijua viganja vyangu: ngozi laini, imepauka, haioti unywele hata mmoja, na kuizunguka nywele za uzee zimekoma ghafla pale pale zilipokatazwa. Wanawake wakaguna, eee, marehemu alikuwa mtu. Nami nimekaa mkekani, nina miaka themanini na ushei, nimetoka Mella alfajiri kuja kumzika mwenzangu, na badala ya machozi kikanijia kitu kile kile cha zamani. Wivu. Haki ya Mungu, wivu mtupu, na mwenyewe niliyemwonea yumo sandukuni.

Mwaka ninaousema Mwingereza alikuwa bado anatawala, na kiwanda cha saruji cha Tororo kilikuwa bado kipya. Vumbi lake lilikaa juu ya majani ya migomba hata ukadhani yamenyunyiziwa unga. Sisi wawili, Athieno na mimi, tulikuwa wasichana wa chumba cha mionzi katika hospitali moja ya misheni, chini ya ule mwamba wa Tororo. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, dirisha limepakwa rangi nyeusi, meza ya chuma katikati, na mashine imening'inia juu yake na shingo ndefu. Mlango wa pembeni uliingia kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu, kilichonuka siki kiasi kwamba hata mkate niliokula jioni ulikuwa na harufu hiyo. Mimi nilitoka shule ya masista na cheti changu. Athieno alitoka kwenye baraza ya duka la Mhindi, alikokaa miaka akimsaidia baba yake fundi cherehani kukata nguo. Nilipoambiwa tutafanya kazi sawa, nilicheka kwa pua. Nilidhani nitamfundisha.

Kazi yenyewe niieleze vizuri, maana vijana wa siku hizi wanafikiri mambo haya yameanza jana. Mgonjwa analetwa ana uvimbe wa saratani, mara nyingi mguuni, umeota kwenye kidonda cha miaka. Daktari anaupapasa kwa vidole, kwa sababu saratani haiishii pale macho yanapoishia, halafu mmoja wetu anachora mpaka wake kwa jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akiongeza kwa nje upana wa kidole kidogo kwa ajili ya mizizi isiyoonekana. Juu ya mstari huo tunalaza filamu ya zamani ya eksirei, iliyooshwa kwa maji moto mpaka ikawa wazi kama kioo, tunanakili umbo lile, kisha tunalikata tundu kwenye bati la risasi kwa mkasi wa mafundi wa paa. Risasi inazuia mionzi, tundu linaipitisha. Lakini kabla mgonjwa hajawashiwa mashine ni lazima tupime. Tunaweka filamu mpya chini ya bati, tunawasha kidogo, tunaisafisha gizani, na pale mionzi ilipopita panatoka weusi. Weusi ule tunaulaza juu ya mchoro wa uvimbe, tunachukua karatasi ya miraba, tunahesabu: miraba mingapi ya uvimbe imefunikwa, mingapi imekosa, na mingapi ya ngozi nzima imeguswa bure. "Nyeusi kukosa ndani, ugonjwa narudi," alisema Daktari kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nyeusi kutoka nje, ngozi naungua. Mimi nataka ndani yote nyeusi, na nyeusi yote ndani." Alikuwa Mzungu mrefu mwenye subira, na neno lake lilikuwa moja tu: taratibu. Tukamwita Bwana Taratibu, na nadhani alijua.

Sasa nisikilizeni. Tundu langu lilikuwa zuri. Siyo la aibu hata kidogo. Miraba michache huku imetoka, michache kule imekosa, Daktari anachukua tupa, anasugua kingo, tunaendelea. La Athieno halikuguswa na tupa. Alichora mstari kwa pumzi moja, akianzia juu kushoto, anazunguka, na akifika mwisho anaupitisha mwanzo kidogo na kuacha mkia, mfupi, umepinda, kama fundi cherehani anavyomaliza chaki yake juu ya kitambaa. Mkia ule niliuchukia! Jioni, wenzangu wakiwa kanisani, nilikuwa nikiujaribu juu ya paja langu mwenyewe kwa jivii, nikiufuta, nikiujaribu tena, na kila mara unatoka kama mkia wa panya aliyekanyagwa. Mama Apio, mpishi wetu, aliona zambarau chini ya kucha zangu. "Wewe Perepetua," aliniambia akikoroga sufuria ya kalo, ule ugali wa wimbi, "nani anakuuma huko kwenye paja?" Nikamwambia ashughulike na mwiko wake. Akacheka mpaka moshi ukampalia.

Wandera alikuja msimu wa pamba. Alikuwa karani wa kununua pamba huko Busia, kijana wa Kisamia, shati jeupe, penseli nyuma ya sikio, na mguu wa kulia umefungwa vitambaa. Hospitali kubwa ilikuwa imemwambia njia ni moja, kukata chini ya goti. Bwana Taratibu akampapasa kwa muda mrefu, akasema saratani haijagusa mfupa, tutajaribu mionzi kila Jumatano, lakini kwa sharti. Uvimbe ukianza kunywea, mpaka wake wa kwanza hautaonekana tena. Mstari wa zambarau ndio utakaotuambia ulikuwa wapi. "Mstari ukipotea, sisi vipofu," alisema. "Ukiuosha, naenda kwa ile msumeno." Wandera akaapa hata mvua haitaugusa. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, "Dada, nichoree vizuri, mguu huu ndio unaocheza dansi." Jamani! Nikanyoosha mkono kuchukua kijiti cha jivii, na Daktari, bila kunitazama, akasema, "Athieno."

Nikashika taa. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, kushika taa ili mwingine amshike kisigino mwanamume niliyeanza kumpenda dakika ile ile. Athieno alipiga magoti, akaweka kiganja chini ya misuli ya mguu, akashusha pumzi, akazungusha mstari wake. Kisha akanakili umbo kwenye filamu ile safi, na akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukiona akifanya: akatia nukta kwenye kovu la zamani lililokuwa juu ya uvimbe na nukta nyingine kwenye kifundo. "Ya nini hizo?" nikamuuliza kwa ukali. "Kwa mzee wangu, ukikata nguo ya mtu, unashika bega na kiuno," alisema. "Uvimbe nakwenda. Kovu hapana kwenda." Tundu alilokata siku ile lilipopimwa, weusi ulikaa ndani ya mchoro hadi Daktari akaita masista waje watazame. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya miraba. Nilihesabu mara ya pili, kwa matumaini mabaya, na ikawa hivyo hivyo.

Tukaanza kuishi kwa ajili ya Jumatano, au mimi niliishi hivyo. Wandera alifika kwa basi jioni ya kuamkia siku hiyo, akalala kwa binamu yake karibu na stesheni, asubuhi yuko mlangoni kwetu ana samaki mkavu wa Busia amefungwa kwenye gazeti. Mama Apio alimpika samaki huyo na karanga, tukala pamoja jikoni, sote wanne, mikono ikikutana ndani ya sahani moja. Nilikuwa nikiangalia kila tonge lake. Kichwa cha samaki alimpa nani? Mara moja alinipa mimi, nikala mpaka macho, nikafurahi wiki nzima. Jumatano iliyofuata akampa Athieno, nikasema nimeshiba, nikaenda kunawa. Yule msichana hata kumtongoza hakumtongoza! Angalau angejipendekeza ningemchukia kwa raha. Alikula taratibu, akamuuliza habari za pamba, bei, mizani, kama anaongea na shangazi yake. Mwanamume naye anajibu ameinama mbele, uso unang'aa. Nyuma ya mlango nikamsikia Mama Apio akimwambia mfua nguo, "Huyu mmoja anampenda kwa macho, yule mwingine hajajua bado kama anampenda." Nikajua mimi ni yupi.

Uvimbe ukaanza kunywea. Uliokuwa kama ngumi ukawa kama yai, kisha kama embe lililokaushwa, kisha pakabaki kigaga tu upande mmoja. Kila Jumatano, mashine ikizimwa, Athieno aliukoleza upya mstari wake kabla mgonjwa hajaondoka. Daktari alifurahi lakini hakulegeza. Mizizi bado, alisema, wiki tatu zaidi, tundu lile lile, mahali pale pale. Halafu ikaja Jumatano ambayo Wandera alifika kanyolewa kichwa kipara, kamzika baba yake mdogo, na jikoni hakula. Tulidhani ni msiba. Athieno alikuwa chumba cha giza na rundo la filamu, mikono imelowa, kwa hiyo Daktari mwenyewe ndiye aliyelaza bati juu ya mguu, akalisogeza kidogo, akalisogeza tena mpaka kingo zikakutana na zambarau, akafunga mikanda. Mimi nilikuwa na taa. Wandera alikuwa akitazama dari, jasho linamtoka, na siku ile hapakuwa na joto.

Nilipoinamisha taa niliona kwamba mkia haupo. Nilitazama tena. Mstari ulikuwa na rangi ile ile, umbo karibu lile lile, lakini ulianzia chini, ulitetemeka upande wa ndani, na ulipofika mwanzo wake ulisimama tu, kama mtu aliyefika ukutani. Sitawadanganya nilichohisi, na wala siombi radhi: nilifurahi. Hatimaye! Binti wa baraza kaharibu, tena kwa mtu huyu, tena mbele ya Daktari. Daktari alikuwa amekwisha kushika mlango, anatutoa nje ili awashe mashine. Nikapaza sauti mpaka kuta zikaitika: "Athieno! Njoo uone uchafu wako! Hivi ndivyo unavyochora siku hizi? Unataka kumkata mtu mguu?"

Akatoka mbio, mikono inachuruzika. Aliutazama mguu. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua mstari, akanusa kidole. Uso ukambadilika. "Hii mstari si yangu," alisema. "Na hii si jivii. Hii ni penseli." Kisha akamgeukia Wandera, na sauti ikamshuka kabisa. "Wewe. Nani alichora hii?" Wandera akafumba macho. Ndipo ikatoka. Walipomaliza kumzika baba yake mdogo, ukoo wote ulinyolewa, ukashuka mtoni alfajiri kuosha kifo, wanaume upande huu, wanawake ule, na wazee wamesimama ukingoni kuhakikisha hakuna anayebaki mkavu. Angesemaje? Kwamba yeye haogi kwa sababu Mzungu kamchora? Alipotoka majini mguu ulikuwa mtupu. Akawaza msumeno. Akachukua penseli yake ya karani, ile ambayo ukiilamba inaandika zambarau, akakaa nyuma ya ghala la pamba, akajichorea mwenyewe akifuata kigaga alichokiona na kumbukumbu ya umbo. Alijichora akitazama kutoka juu, kama mtu yeyote anavyoutazama mguu wake. Ukateremka upana wa vidole viwili.

Daktari hakumfokea mtu. Alikaa juu ya kigoda, akashika kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba dakika moja zaidi na tungechoma ngozi nzima chini, na mizizi ya juu ingebaki imejificha salama chini ya risasi, na kila karatasi yetu ingeonyesha tumefanya vizuri. Weusi ungelingana na tundu, tundu lingelingana na mchoro. Kilichokosekana ni mguu tu. Athieno hakusikiliza hotuba. Alileta ile filamu safi yenye nukta zake, akailaza juu ya mguu, nukta ya kwanza juu ya kovu, ya pili juu ya kifundo, na umbo likarudi mahali pake kana kwamba halikuondoka. Akachora upya kwa jivii, kwa pumzi moja, na mkia. Machozi yalikuwa yakimdondoka mguuni akachora hivyo hivyo, akiyapangusa kwa kiwiko ili yasiharibu mstari. Nami nilishika taa.

Wiki tatu zikapita, Wandera akapona. Siku ya kuagana nilivaa gauni langu la Pasaka. Nilimkuta jikoni peke yake, nikamwambia nimefurahi mguu umepona. Akanishika mkono. "Perepetua," akasema, "wewe ni dada yangu kabisa." Dada! Nilitamani sakafu ifunguke. "Lakini siku ile ulimfokea sana yule binti wa watu," akaendelea, kwa upole, kama anamfundisha mtoto adabu. "Hakuwa na kosa. Nilipomwona analia juu ya mguu wangu, ndipo nikajua." Alijua nini, hakumaliza, wala hakuwa na haja. Kwa hiyo mambo yalikwenda hivi, na muyapime wenyewe kwa miraba mnayoitaka: mimi nilipiga kelele, mguu ukapona, na kwa kelele zile zile nikampoteza mwenye mguu. Walioana kabla ya mvua. Nikaacha chumba cha mionzi, nikaolewa Mella na mtu mwema, nikalima, nikazaa, nikazika. Busia nilipita mara nyingi kwenda sokoni. Kwao sikukanyaga.

Nikirudi pale msibani: Wandera bado kashika suruali, watu bado wanaguna. Mwanamke wa makamo, mnene, macho mekundu kwa kulia, akaja akapiga magoti mbele yangu na birika la chai. "Karibu, somo yangu," akasema. Nikamwambia mimi siye somo yako, mwanangu, umenifananisha. "Siyo wewe Perepetua wa taa?" akauliza. "Mimi ndiye Perepetua, mtoto wa kwanza wa mama. Baba alikataa, alisema mtoto wangu hapewi jina la yule mwenye mdomo mchafu. Mama akamwambia, basi mtafutie mama mwingine." Nikamuuliza kwa nini mama yake alifanya hivyo. Akatazama jeneza kwanza. "Alituambia watu wengi walisifu kazi yake, lakini waliitazama mara moja wakaenda zao. Alisema wewe peke yako ndiye uliyeitazama kila siku mpaka ukaijua. Alisema angekuwa na mwingine kama wewe, asingeogopa kukosea."

Chai ilipoa. Miaka yote hiyo niliyokuwa nikipita mbali na mlango ule, alikuwa ameniita kila asubuhi: Perepetua, amka, Perepetua, kuni, Perepetua, njoo ule. Nami jina lake sikulitamka hata mara moja. Hata hapo alinishinda. Nililia basi, lakini msinielewe vibaya, wivu haukuondoka. Ulikaa pale pale kando ya kilio, kila kimoja na nafasi yake.

Msema chochote, yule mwendesha shughuli, alipouliza nani wa mwisho kusema, nilinyoosha mkono. Wakanisaidia kusimama. Wandera alikuwa bado hajateremsha suruali. Nikauelekeza mkongojo wangu kwenye lile baka. "Mnaambiwa huo ni mkono wa Athieno," nikasema, "na ni kweli. Nimewahi kuona madaktari wengi, sijaona mtu aliyechora kama yeye. Sikumwambia alipokuwa hai, namwambia sasa. Lakini mstari ule ulipotea siku moja, wewe Wandera unajua nani aliupoteza, na kuna macho yaliyojua kwamba haupo. Macho hayo ni haya. Kwa hiyo nusu ya huo mguu ni yangu, na leo nimeijia." Kisha somo yangu akaangua kicheko katikati ya machozi, akafuatwa na wanawake, na mzee wa watu, na kofia yake, akanitazama, akautazama mguu wake, akapangusa macho. "Chukua, Perepetua," akasema. "Yeye alikwisha kuniambia. Ni mimi tu niliyekataa kusikia."